Hofu ya lawama chumbani mwa Charlotte

Ndoa ya Binti Mfalme Charlotte wa Uingereza na Leopold wa Saxe-Coburg ilidumu mwaka mmoja na miezi sita. Walioana tarehe 2 Mei 1816, saa tatu usiku, katika jumba la Carlton House mjini London. Tarehe 6 Novemba 1817, saa nane na nusu usiku, Charlotte alikata roho, saa chache tu baada ya kujifungua mtoto wa kiume aliyetoka akiwa amekwisha kufa. Tangu siku hiyo kisa chao kimesimuliwa kama hadithi ya mapenzi yaliyokatizwa na bahati mbaya: vijana wawili wanaopendana, nyumba nzuri ya mashambani, kisha kifo kikaingia bila hodi. Masimulizi hayo yanatupotosha. Kifo hicho kilikuja polepole, kwa muda wa saa 50, mbele ya mabingwa wa uzazi wa wakati ule, na kila mmoja wao alikuwa na sababu yake ya kutochukua hatua. Kwa kadiri ninavyousoma ushahidi, sababu iliyowafunga mikono zaidi ni hofu ya kulaumiwa. Naandika juu ya hofu hiyo kwa sababu haikuzikwa na Charlotte. Imo hadi leo katika wodi za wazazi, na inaua.

Tuanze na ndoa yenyewe, maana haikuwa ndoa ya kawaida ya watu wa enzi. Charlotte alizaliwa Januari 1796, mtoto pekee wa George, mrithi wa kiti cha enzi, na Caroline wa Brunswick, wazazi waliochukiana tangu mwanzo na kutengana yeye angali mchanga. Babu yake, Mfalme George III, alikuwa na watoto 12 walio hai mwaka 1817, lakini miongoni mwa wote hao hakukuwa na mjukuu mwingine hai wa ndoa halali. Msichana huyu ndiye aliyekuwa tegemeo la ufalme mzima, na hakuachwa asahau. Baba yake, ambaye wakati huo alikuwa kaimu mfalme kwa sababu ya ugonjwa wa mzee, alitaka aolewe na William, mrithi wa ukoo wa Orange wa Uholanzi. Charlotte alikubali mwishoni mwa 1813, kisha akaanza kuuliza: angelazimishwa kuhamia Uholanzi? Mama yake angekaribishwa nyumbani kwake? Majibu hayakumridhisha, na Juni 1814 akauvunja uchumba. Baba alipochukua hatua ya kumtenga na watu wake wa karibu, binti huyo wa miaka 18 alitoka mbio barabarani, akasimamisha gari la farasi la kukodi, akaenda kwa mama yake. Alishawishiwa kurudi, akawekwa Windsor chini ya macho ya walinzi. Hakulegea. Aliyemtaka ni Leopold, mtoto wa kiume wa mwisho wa ukoo mdogo wa Kijerumani, ofisa katika jeshi la Urusi aliyekuja London mwaka 1814 katika msafara wa mfalme wa Urusi, na ambaye inasimuliwa alikuwa hana kitu kiasi cha kupanga vyumba juu ya duka la vyakula. Charlotte alingoja karibu miaka miwili, na mwishowe baba yake akakubali.

Bunge liliwatengea pauni 60,000 kwa mwaka na kuwanunulia jumba la Claremont, karibu na Esher katika jimbo la Surrey. Huko waliishi maisha ya utulivu ambayo jamaa zao wengi hawakuyajua. Charlotte alikuwa mtu wa jazba, mcheshi, mwenye sauti kubwa. Leopold alikuwa mpole na mwenye kupima maneno. Mkewe alipopandwa na hasira alimwambia kwa Kifaransa, "doucement", yaani taratibu, mpaka Charlotte akaligeuza neno hilo kuwa jina la kumtania mumewe. Daktari wa Leopold, Christian Stockmar, aliyeishi nao nyumba moja, ameacha ushuhuda wa mapatano na upendo uliokuwamo humo. Mchoraji Thomas Lawrence naye alikaa Claremont akimchora Charlotte picha ambayo yeye alikusudia kumpa mumewe siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 16 Desemba. Picha ilifikishwa siku hiyohiyo iliyopangwa, na mwenye kuitoa zawadi alikuwa amelala kaburini karibu mwezi mzima. Nakawia kwenye haya kwa makusudi. Mwanamke anapofia uzazini sisi hukimbilia haraka maelezo tuliyoyazoea: umaskini, mume asiyejali, umbali wa hospitali, kukosa elimu. Hapa hakuna hata moja. Mume alikuwa chumbani, akimshika mkono na kulala ubavuni mwake ili kumtia moyo. Fedha zilikuwapo, na madaktari walikuwa tayari nyumbani kabla uchungu haujaanza. Bado mama na mtoto walikufa.

Aliyekabidhiwa kumzalisha ni Sir Richard Croft, daktari wa uzazi wa matajiri wa London. Wakati wa ujauzito alimpunguzia Charlotte chakula na kumtoa damu, kama desturi ya tiba ilivyokuwa, kwa hiyo siku ya kujifungua ilimkuta hana nguvu alizozihitaji. Siku iliyotarajiwa, karibu tarehe 19 Oktoba, ikapita. Uchungu ulianza jioni ya Jumatatu tarehe 3 Novemba. Ilichukua takriban saa 26 njia kufunguka yote. Hapo ndipo mtoto hutarajiwa kushuka, na mkunga wa leo akiona saa tatu zinapita kwa mama anayezaa mara ya kwanza, huita msaada. Charlotte alikaa katika hali hiyo saa 24. Mchana wa tarehe 5 ulionekana uchafu wa kijani kibichi, dalili kwamba mtoto yu taabuni tumboni. Croft alikuwa na koleo la kuzalishia karibu naye, hakuligusa. Saa tatu usiku mtoto akatoka, mkubwa, mwenye uzito wa ratili tisa, hana uhai. Inaelezwa walimchovya katika maji ya moto na kumsugua kwa chumvi na haradali, asizinduke. Kondo la nyuma halikutoka lenyewe, Croft akalitoa kwa mkono, na damu ikamwagika. Wakadhani mama amesalimika. Leopold, aliyekuwa amechoka kupita kiasi, alipewa dawa ya usingizi akalala. Karibu na usiku wa manane Charlotte akaanza kulalamika kichefuchefu, mvumo masikioni na maumivu ya tumbo. Stockmar aliitwa, akamkuta anahema kwa shida. Alipogeuka kutoka, akamsikia akimwita kwa sauti kwa jina la utani alilompa. Aliporudi, mgonjwa alikuwa anakata roho. Uchunguzi wa maiti ulikuta damu nyingi ndani ya mfuko wa uzazi. Wataalamu wamebishana kwa vizazi juu ya sababu kamili: wapo wasemao damu, wapo wasemao bonge la damu lililokwenda kwenye mapafu. Hakuna anayebishana kwamba saa 24 zile zilimmaliza.

Sasa watazame waliokuwamo. Croft alikuwa mkwe na mwanafunzi wa Thomas Denman, bingwa aliyefundisha kizazi kizima cha madaktari kwamba asili iachwe ifanye kazi yake na koleo liwe kimbilio la mwisho kabisa. Matthew Baillie, tabibu mkubwa aliyekuwapo kumsaidia, alikuwa amemwoa binti mwingine wa Denman; kwa maneno mengine, yule aliyetakiwa kumhoji Croft alikuwa shemeji yake, mwana wa shule ileile. John Sims, aliyeletwa kwa sababu ya ujuzi wake wa vyombo, alifika usiku wa manane kuamkia tarehe 5, akakalishwa chumba cha pembeni, wala hakutambulishwa kwa mgonjwa muda wote wa uchungu. Nyuma ya mlango walikuwapo mawaziri na Askofu Mkuu wa Canterbury, waliokuja kushuhudia kuzaliwa kwa mrithi. Fikiria daktari mwenye koleo mkononi katika nyumba hiyo. Akilitumia na kichwa cha mrithi kikapata jeraha, jina lake litatajwa kwa karne. Akingoja, hakuna atakayesema amekosea, kwa kuwa kungoja ndiko kulikofundishwa. Basi akangoja. Lakini ushahidi unaonikaa zaidi moyoni ni wa Stockmar. Huyu aliona jinsi Charlotte anavyodhoofishwa, na hata hivyo alikuwa amekataa tangu mapema kushiriki rasmi katika matibabu yake, akitambua kwamba yeye ni mgeni na mambo yakiharibika atatupiwa lawama zote. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwa nafsi yake: aliishi hadi uzeeni, akawa mshauri wa wafalme, na jina lake halikuchafuka.

Najua atakayenijibu kwamba nawahukumu watu wa 1817 kwa elimu ya leo. Ni kweli, hapakuwa na dawa ya kuzuia damu, hapakuwa na damu ya kuongezewa, na upasuaji wa kumtoa mtoto ulikuwa karibu sawa na kumchinja mama. Hata koleo lenyewe lingeweza kumchana na kumletea homa ya uzazi ikamuua baada ya wiki. Yote hayo nayakubali, na sidai kwamba Charlotte angepona kwa hakika. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Njia nyingine ilikuwapo, chombo kilikuwapo, mtu wa kukitumia alikuwa ameitwa na amefika, na bado halikufanyika jambo la msingi la kumleta mtu wa pili kitandani aangalie kwa macho yake na kusema anachoona. Hilo halihitaji elimu ya karne ya 21. Na wakati uleule ujuzi wa uzazi haukuwa jangwa tupu: mwaka huohuo wa 1817 Charlotte von Siebold alipewa shahada ya uzazi na Chuo Kikuu cha Giessen huko Ujerumani, na miaka miwili baadaye ukoo wa kifalme wa Uingereza ulimwita Kensington amzalishe mke wa Mtawala wa Kent. Mtoto aliyempokea tarehe 24 Mei 1819 ni Victoria.

Victoria asingezaliwa kama Charlotte angeishi. Kifo kile kiliwaacha wana wa George III, wengi wao watu wazima wasio na ndoa zinazotambulika, wakikimbilia kuoa mwaka 1818 ili ukoo upate mrithi. Mmoja wao, Mtawala wa Kent, alimwoa dada yake Leopold. Leopold mwenyewe, ambaye angekuwa mume wa malkia na kuishia Claremont, akawa mfalme wa kwanza wa Wabelgiji mwaka 1831, akaoa tena, akazaa binti akampa jina la Charlotte, na mwana akampa jina lake mwenyewe. Mwana huyo ni Leopold II, aliyejitwalia Kongo mwaka 1885 kama mali yake binafsi na kuacha maumivu ambayo wasomaji wetu wa Kisangani na Lubumbashi hawahitaji kusimuliwa na mimi. Sisemi kwamba chumba cha Claremont kilizaa ukatili wa uvunaji wa mpira huko Kongo. Watu wenye tamaa wangepatikana hata bila Leopold huyo. Nasema tu kwamba vitabu vya historia vinavyojaza kurasa kwa mikataba na vita, kisha vikakipa kifo cha mzazi mstari mmoja, havijui kupima ukubwa wa mambo.

Yaliyofuata mazishi yanathibitisha hoja yangu kuliko hata yaliyotangulia. Nchi nzima ilivaa nyeusi. Vitambaa vya msiba viliadimika madukani, mahakama na bandari zikafunga, na watengeneza riboni wakaandika maombi kwa serikali wakitaka muda wa kuomboleza ufupishwe wasije wakafilisika. Katika huzuni hiyo yalitolewa majibu mawili. Kaimu mfalme alimtumia Croft ujumbe wa kumhakikishia kwamba anauamini ujuzi wake na hana kinyongo naye. Watu wa mitaani na magazetini wao walimnyooshea kidole kama muuaji. Ukitazama juu juu, majibu haya yanapingana. Kwa kweli yanafanya kazi moja. Anayesema "hakuna kosa" na anayesema "kosa ni la huyu" wote wawili wamelifunga jalada. Hakuna aliyebaki kuuliza kwa nini Sims alikalishwa pembeni, kwa nini msaidizi awe shemeji, kwa nini daktari wa nyumbani aone na anyamaze. Croft alibeba mzigo wote peke yake hadi tarehe 13 Februari 1818, alipokuwa akimhudumia mwanamke mwingine mwenye uchungu mgumu, akajipiga risasi. Mama, mtoto na daktari, watu watatu katika uzazi mmoja. Baadaye madaktari wa Uingereza walianza kulegeza msimamo na kutumia koleo mapema zaidi, lakini badiliko hilo lilitokana na mshtuko, si uchunguzi, na mshtuko hufundisha kwa gharama kubwa.

Atakuja mwingine aseme: kwa nini tumlilie binti mfalme wa mbali, aliyekuwa na kila kitu, ilhali wanawake wasio na majina hufa kila siku? Swali hili ni la haki, na liliulizwa wiki ileile. Siku moja baada ya Charlotte kufa, wafanyakazi watatu walinyongwa Derby kwa kushiriki maasi ya watu wenye njaa, na mshairi Percy Shelley akaandika waraka kuwakumbusha Waingereza kwamba wanawake maskini hufa uzazini kwa maelfu na hakuna anayewavalia nyeusi. Alikuwa sahihi. Lakini namtaja Charlotte kwa sababu hiyohiyo: kwa kuwa yake yameandikwa saa kwa saa, tunaweza kuona ndani ya chumba ambacho kwa wengine wote kimefungwa. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi duniani, zaidi ya 700 kwa siku. Walio wengi hawakuacha hata ukurasa mmoja unaoeleza saa zao za mwisho zilipitaje.

Wataalamu wa afya ya mama husema juu ya ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Aina mbili za kwanza zinapungua kwetu, na ni jambo la kushukuru. Takwimu za Tanzania zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na nyuma ya namba hizo kuna vituo vya afya vilivyojengwa, vyumba vya upasuaji, magari ya wagonjwa na wakunga wanaokesha. Ila kadiri mama wengi wanavyofika hospitali, ndivyo ucheleweshaji wa tatu, uliomuua Charlotte, unavyokuwa na nafasi kubwa zaidi. Nesi kijana anaona chati ya uchungu imevuka mstari, lakini daktari wa zamu ni mkali, na kumwamsha saa tisa usiku kunataka moyo. Daktari anaona ampe mama rufaa, lakini akifia njiani kituo kitaulizwa. Mkunga mwenye miaka 30 kazini anaona mwenzake anakosea, na anajua mkutano wa kesho asubuhi utamtafuta mtu wa kusimamishwa kazi. Wote hawa wanafanya hesabu ya Stockmar. Kuwatisha zaidi kunaifanya hesabu hiyo iwe na mantiki zaidi.

Ndiyo maana taratibu za mapitio ya vifo vya uzazi, ambazo Tanzania na Kenya zinazo kwenye miongozo yake, zimejengwa juu ya kanuni ya kutotaja majina na kutotafuta wa kulaumiwa. Wapo wanaoichukia kanuni hiyo, hasa ndugu wa marehemu, na siwezi kuwabeza. Kwao inasikika kama funika kombe mwanaharamu apite. Mtu amempoteza mkewe, anaambiwa kikao kimekaa kimya kimya na hakuna aliyetajwa. Lakini kuna mambo mawili hapa. Mhudumu aliyemtelekeza mama kwa sababu hakutoa rushwa, au aliyekuwa amelewa zamu, ni wa kupelekwa kwenye baraza la taaluma na mahakamani, na hakuna mapitio yanayopaswa kumkinga. Mhudumu aliyesita, aliyepima vibaya, aliyeshindwa kumpata mkubwa wake kwa simu, ni wa kuulizwa bila kutishwa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye ajuaye kilichotokea kati ya saa sita na saa nane. Ukimtisha atasema uongo, na huo uongo utaandikwa kwenye faili, na faili litasomwa na wanaopanga bajeti ya mwaka ujao.

Na kuna jibu la kadari. Siku zake zilifika. Ajali haina kinga. Mjamzito mguu mmoja u kaburini. Imani hii inawafariji wafiwa na sina nia ya kuwanyang'anya. Hata hivyo, jahazi likizama watu huswalia maiti wao, na kisha humuuliza nahodha alipakia magunia mangapi, wala hakuna anayeona kuwa kuuliza huko ni kumkufuru Mungu. Leopold alikuwa mtu wa dini, na hakuna dalili kwamba alimtuhumu yeyote. Alimwomba Stockmar asimwache maisha yake yote, akanyamaza. Kunyamaza kwa mfiwa ni haki yake. Kunyamaza kwa hospitali si haki yake. Kinachotakiwa, na kinawezekana hata katika kituo kisicho na mashine ya kisasa, ni kwamba kila mapitio yakimalizika, mganga mkuu awaite mume na mama wa marehemu, akae nao chini, awaeleze kwa lugha wanayoielewa nini kilionekana, saa ngapi, nini hakikufanyika, na nini kimebadilishwa katika wodi ile tangu siku hiyo. Na kwamba mkunga aliyesema ukweli katika kikao asipelekwe uhamisho mwezi unaofuata.